Nondo Kumi na Mbili

Chupa ishirini na nne za maji ya mto zilisimama juu ya meza ya maabara, zote zina rangi ya chai iliyotiwa maziwa ya kutosha, na Matope hakuipenda rangi hiyo. Mwaka juzi, msimu kama huu, maji ya pale darajani yalikuwa kama chai ya maskini, jani moja sufuria nzima: unainua chupa dirishani na kidole chako unakiona upande wa pili. Sasa kidole hakikuonekana hata kikibanwa kwenye kioo.

Aliyachuja chupa kwa chupa. Maji yalipita, tope likabaki juu ya karatasi. Karatasi ikaingia tanurini, ikakauka, ikalazwa kwenye mizani ile isiyotaka hata pumzi ya mtu. Alipomaliza alijumlisha, akafuta, akajumlisha tena. Mto ulikuwa unabeba mashapo mara tatu ya yale ya zamani.

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa la vyeti tu. Shangazi yake, aliyemlea, ndiye aliyempa hili la Matope, kwa sababu utotoni hakuwahi hata siku moja kurudi kutoka mtoni akiwa msafi, na jina likamganda. Alikua, akasoma, akawa mtaalamu wa mito. Kazi yake ni kujua mto unakula wapi na unatapika wapi, basi. Mto hauumbi udongo. Udongo uliopita darajani lazima umetoka mahali.

"Sasa umetoka wapi?" aliiuliza mizani.

Maana kwenye majedwali ya ofisi haukutoka popote. Miaka miwili na nusu iliyopita alikuwa amepigilia nondo kumi na mbili kwenye ukingo wa mto, nyuma ya mtaa aliokulia. Ni kipimo cha kawaida kisichohitaji umeme wala mtambo. Nondo ya mita moja inaingizwa ukingoni ikiwa imelala, kinaachwa kichwa tu nje, vidole viwili. Udongo ukimomonyoka, nondo inazidi kutokeza. Kila tarehe mosi mtu anapita na rula, anasoma kilichotokeza, anaandika. Mtoto wa darasa la tatu anaweza.

Na kila tarehe mosi, miezi thelathini mfululizo, rula ilisema vidole viwili. Nondo nyingine alizopigilia ng'ambo ya pili zilitokeza mpaka zikaanguka majini, lakini upande wa mtaa wa shangazi, vidole viwili. Mwaka wa kwanza ulipotimia, Matope aliandika taarifa: ukingo huu ni imara. Kwa taarifa hiyo, vikapu vya waya vilivyojazwa mawe vilipangwa ng'ambo kuzuia mto. Kwa taarifa hiyo hiyo, orodha ya watu wa kupewa viwanja vipya mbali na maji ilijaa majina ya ng'ambo, na katika nyumba arobaini na moja za mtaa wa shangazi haikuandikwa hata moja. Taarifa ikasifiwa. Matope akapandishwa makao makuu, ghorofa ya tatu, na kazi ya kusoma nondo ikaachiwa Fundi Kamba.

Kwa shangazi alikuwa akipita mara moja moja. Anaingilia mlango wa mbele, anakula, anacheka, anaondoka. Uani hakufika. Nani anakwenda kukagua ukingo alioutia saini mwenyewe kwamba ni imara? Mwenye macho haambiwi tazama, na yeye alikuwa na macho manne ukihesabu miwani.

Siku iliyofuata alishuka mtoni.

Fundi Kamba alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi hii, na kila kifaa alichowahi kupewa na ofisi alikifunga kamba kwanza, ndipo akauliza ni cha nini. Matope alimkuta anachota maji ndani ya boti kwa kopo na kuyamwaga.

"Bosi leo umeshuka mwenyewe," alisema. "Ghorofa imekuchosha au imekutema?"

"Udongo ndio ulionitoa, mzee. Pale darajani panapita shamba zima."

"Linapita tangu mwaka jana, vikapu vya mawe vilipowekwa."

"Na hukusema?"

"Ulinipa barua. Barua inasema nisome nondo. Haikusema nisome mto."

Barua aliiandika Matope mwenyewe.

Walivuta makasia mpaka nyuma ya mtaa, na hapo Matope akaacha kupiga kasia. Ukingo ulikuwa umesimama wima kama mkate uliokatwa kwa kisu kikali. Mizizi ilining'inia hewani haina cha kushika. Mabonge ya majani yalikuwa yamelala majini kichwa chini, bado ya kijani, maana yake hayakuwa yameanguka hata wiki. Ukingo imara haufanani hivyo. Hata mtu asiyejua kusoma angeusoma.

Lakini nondo ya nane ilitokeza vidole viwili. Ya saba, vidole viwili. Ya sita, aliweka rula mwenyewe: sentimita tatu kamili.

"Mzee, umewahi kuona mto unaokula kwa rula?"

"Mimi naandika kinachosema chuma."

Matope alikishika kichwa cha ile nondo. Kilikuwa kimepanuka kama uyoga na kinang'aa kama kijiko kilichosuguliwa majivu. Chuma kilichokaa mtoni miaka miwili na nusu huota kutu. Hiki kilikuwa kinapigwa.

Wakati huo huo, mbele kidogo, akasikia: ko, ko, ko.

Shangazi alikuwa amesimama majini mpaka katikati ya ugoko, nguo ameikunja na kuifunga kiunoni, nyundo mkononi. Alikuwa na umri wa kutaka kukaa kivulini, lakini mkono wake ulipanda na kushuka bila papara, kama wa fundi anayelipwa kwa siku na si kwa kazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Jisogeze, unaniziba mwanga. Kesho tarehe mosi, watu wa ofisi wanakuja, na mimi bado nondo tatu." Kisha akainua kichwa, akaiona boti, akamwona Fundi Kamba. "Ee! Kumbe watu wa ofisi ndio nyinyi? Mbona mmekuja kabla ya siku? Mmetukuta hatujafagia."

"Shangazi, unafanya nini?"

"Si unaona? Imelegea, naikaza."

"Nani alikwambia uikaze?"

"Akili yangu. Ulikuja hapa na vyuma na nyundo, ukaupigilia ukingo mbele ya macho yetu. Mtu anapigilia kitu ili kikae. Mlango, kitanda, bati. Au huko chuoni kwenu mnapigilia vitu ili vitoke?"

Fundi Kamba aliangua kicheko. Akautazama uso wa Matope, akakimeza.

"Mwanzoni zilipochomoza," shangazi aliendelea, huku akipiga, "Mama Pacha alisema zing'olewe tukatengenezee banda la kuku. Nikamwambia thubutu! Hizo ndizo zinatushikia nyumba. Tukapanga zamu. Kila mwisho wa mwezi, mvua ikinyesha isinyeshe, wanawake wa mtaa huu tunashuka. Na hatupigi ovyo. Uliacha vidole viwili, na sisi tunaacha vidole viwili. Nilisema mtoto huyu ana elimu, hawezi kuacha vidole viwili bila sababu."

Ko. Shangazi alipima kwa vidole vyake, cha shahada na cha kati, akaridhika.

Matope alipanda juu kwa ngazi za udongo za watu wanaoteka maji. Alitoa daftari lake la zamani, lile la siku ya kwanza. Humo, kwa mwandiko wa mtu asiye na shaka, kulikuwa na mstari mmoja alioupima kwa mazoea tu na hakuurudia tena: ukuta wa jikoni hadi ukingo, mita kumi na sita na sentimita ishirini.

"Mzee, shika mwanzo wa utepe. Ukutani pale."

Fundi Kamba alishika. Matope alirudi nyuma akifungua utepe, akavuka mahali palipokuwa na kamba ya kuanikia nguo, na miguu yake ilifika mwisho wa ardhi kabla macho hayajategemea. Jiwe la kufulia, lile alilokuwa akikalishwa utotoni asuguliwe magoti, halikuwepo.

Mita saba na sentimita arobaini.

Shangazi alikuwa amepanda nyuma yake, anajifuta miguu.

"Shangazi, jiwe la kufulia lilikwenda lini?"

"Mvua za mwisho. Lilikwenda na mpapai."

"Na hukuona kwamba ukingo unakwenda?"

"Mimi kipofu? Niliona. Kila nikiona, nazidisha nguvu." Alipunguza sauti, kama anayemficha Fundi Kamba siri ya nyumbani. "Nilikuwa najiuliza, kama penye nondo pako hivi, pasipo na nondo ingekuwaje? Tungekuwa tumeshafika baharini. Nikasema Mungu ambariki mwanangu."

Matope hakumwambia. Alisema tu, "Mwezi huu msizipige tena, shangazi," akashuka kwenye boti, na njia nzima hakuzungumza.

Mkuu wa idara aliitwa Jedwali na wote wenye nafasi ya kumsema akiwa hayupo. Hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza Matope mpaka mwisho bila kumkatiza, akavua miwani, akajikanda kope.

"Ngoja nielewe. Miezi thelathini, mtaa mzima ulikuwa unazirudisha nondo ndani."

"Ndiyo, mkuu."

"Na kiongozi wao ni shangazi yako."

"Ndiyo."

"Mtaalamu, mimi nina presha. Usinichekeshe."

"Nilipigilia nikaondoka. Sikumweleza mtu ni za nini. Kosa ni langu, niandikie barua ya onyo. Lakini mtaa uingizwe kwenye orodha. Vikapu tulivyoweka ng'ambo ndivyo vinavyoutupa mto upande wao. Mto ukizibwa mdomo huku, unauma kule."

"Hilo nalijua. Nataka namba. Orodha haifunguliwi kwa masimulizi."

"Ukuta wa jikoni hadi ukingo, mkuu. Umepungua mita nane na sentimita themanini."

"Hicho ni kipimo kimoja." Mkuu alivuta droo, akatoa kijitabu chenye jalada la kijani. Matope alikitambua hata kabla hakijalazwa mezani. Ni Mwongozo wa Vipimo vya Kingo, ulioandikwa mwaka ule wa sifa na kutumiwa sasa na idara nzima. "Ukurasa wa kumi na nne. Nisomee."

Hakuhitaji kusoma. Aliuandika yeye, tena kwa hasira, kwa sababu alikuwa amechoka kuona maofisa wakihamisha watu kwa uvumi na kuwasahau wengine kwa uvivu. *Kipimo kimoja si mwenendo. Ukingo hautatangazwa kuwa hatarini bila vipimo vya nondo vya miezi kumi na miwili mfululizo. Nondo zikipotea, hesabu inaanza upya.*

"Miezi kumi na miwili haipo, mkuu," alisema. "Jiko limebakiwa na minane, mvua zikiwa na huruma."

"Basi usipoteze hata siku ya leo," Mkuu alijibu. Alisema kwa upole, akamfungulia na mlango. Matope angependa afokewe. Mtu akikufokea unapata pa kushika.

Kwenye ngazi alikumbuka msemo wa mchuma janga, kwamba hula na wa kwao. Aliona aliyeusema alikuwa na bahati. Yeye janga lake alikuwa amewapakulia wa kwao peke yao, yeye akala sifa.

Alimkuta shangazi jikoni, amekaa kwenye kibao, anachambua mboga. Jiko lilikuwa chumba cha peke yake nyuma ya nyumba, kuta nyeusi kwa moshi wa miaka. Matope alikaa chini sakafuni kama zamani, akamweleza. Alieleza polepole, nondo ni nini, vidole viwili ni vya nini, kilichotakiwa ni kuziacha zitoke. Alichora kwa kijiti cha mkaa sakafuni.

Shangazi aliitazama michoro ile muda mrefu.

"Kwa hiyo hazikuwa zinashika kitu."

"Hapana."

"Hata kidogo? Hata kama kupunguza?"

"Hata kidogo, shangazi."

"Na kila nilipopiga, ni kama nilikuwa naandika kule ofisini kwenu kwamba sisi hatuna shida."

Matope aliifuta michoro kwa kiganja.

"Mama Pacha alikuwa na akili kuliko mimi," shangazi alisema. "Leo tungekuwa na kuku na viwanja." Alicheka kidogo, peke yake, kisha mikono yake ikaacha mboga. Ilikuwa na malengelenge yaliyokauka yakawa sugu, kwenye viganja vyote viwili. Aliitazama kama ya mtu mwingine. "Nyumba arobaini na moja, mwanangu. Nitapita njia ipi?"

"Mimi ndiye niliyekosea. Sikukueleza."

"Na mimi sikukuuliza. Niliona aibu kumuuliza mtoto niliyemfunza kuvaa viatu." Alijikuna shavu kwa mgongo wa mkono. "Haya. Hiyo miezi kumi na miwili inahesabiwaje?"

"Nakuja kukuchukua, shangazi. Ukae kwangu."

"Kile chumba chako kimoja? Tutalala kwa zamu? Nimekuuliza, inahesabiwaje?"

Siku tatu baadaye Matope na Fundi Kamba walipigilia nondo mpya kumi na mbili. Safari hii mtaa wote ulisimama juu ya ukingo, na Matope alieleza mpaka sauti ikakwama. Mwishoni Mama Pacha, mwanamke mwembamba mwenye watoto wawili wanaofanana hadi makovu, aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo kazi yetu sasa ni kuangalia?"

"Kuangalia na kuandika."

"Hiyo ni ngumu kuliko kupiga," Mama Pacha alisema, na akaenda zake.

Shangazi alikataa kuhama. Nondo zinataka msomaji, alisema, na Fundi Kamba anafika mara moja kwa mwezi kama mshahara. Alinunua daftari. Kila asubuhi alishuka na rula, akapanda, akapiga simu ghorofa ya tatu.

"Ya nne, sentimita kumi na mbili. Ya tano, kumi na tano. Ya sita, ngoja nivae miwani... kumi na tisa. Ukuta wa jikoni, mita saba na sentimita kumi."

"Umezigusa?"

"Sijazigusa. Nyundo nimempa Mama Pacha aifiche, hata mimi asinionyeshe."

Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Namba zilikuwa safi. Katika kazi yake yote Matope hakuwahi kupata vipimo vizuri namna ile, bila siku iliyorukwa, bila kosa, na kila kimoja kilikuwa kinasema jambo lile lile. Alivichora. Mstari ulishuka kama mtu anayeteremka ngazi, na kila alipoongeza nukta alijua anahesabu nini. Alipeleka mchoro kwa Mkuu mwezi wa nne. Mkuu aliutazama kwa heshima, akasema, "Bado minane."

Mvua za mwezi wa tano hazikuwa na huruma. Zilinyesha siku sita. Siku ya saba Matope alikuwa maabara na chupa za darajani. Hazikuwa na rangi ya chai tena. Maji yalikuwa kama uji. Alichuja ya kwanza, na kwenye karatasi nyeupe, katikati ya tope, akaona vipande vyeusi, vidogo kama chembe za pilipili. Alikitoa kimoja kwa kibanio, akakisugua kwenye kidole. Kiliacha alama.

Masizi.

Simu iliita akiwa bado ananyoosha kidole.

"Mwanangu, una kalamu?"

"Shangazi, uko wapi? Uko salama?"

"Niko mlangoni. Sote tuko salama, Mama Pacha na wanawe wako hapa kwangu sebuleni, kwao choo kimekwenda. Andika. Nondo hakuna. Nimetafuta zote kumi na mbili, nimeshuka mpaka ngazi zilipoishia. Hakuna hata moja." Alivuta pumzi. "Na lile daftari lako, penye 'ukuta wa jikoni', pafute. Andika sebule. Mita tano na robo kutoka ukuta wa sebule."

Matope alishika kalamu lakini hakuandika.

"Fundi Kamba anakuja sasa hivi na gari, shangazi. Fungasha vitu. Tafadhali."

"Aje. Lakini aje na nondo nyingine." Nyuma ya sauti yake mto ulisikika, karibu, kama mtu wa tatu kwenye mazungumzo. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Hii miezi mitano niliyoandika, inahesabiwa?"

Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa umebandikwa ukutani mbele yake. Alikuwa ameubandika mwenyewe.

"Haihesabiwi, shangazi."

"Tunaanza upya?"

"Tunaanza upya."

Karatasi ikachakarika upande wa pili. Shangazi alikuwa anafunua ukurasa mpya.

"Haya," alisema. "Mita tano na robo. Mwezi wa kwanza."

Matope alirudisha karatasi ya kuchujia kwenye sinia, akavuta jedwali tupu, na kwa kidole kile kile chenye masizi akashika rula, akapiga mstari, akaandika.